UZI: Babu alikuwa soda wa vita, lakini Saïo hakufika

MwanaKadutu

Jambo yenu wote. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, jioni atatukuta hapa hapa.

Kwetu Kadutu, Bukavu, maneno manne yalitosha kunyamazisha nyumba nzima: "Babu yenu alipigana Saïo." Msemaji alikuwa baba mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa babu, na aliyatoa hasa wakati wa kula, tukigombania mboga. Maana yake wajukuu wa soda hawalii njaa. (Wasomaji wa Tanzania: kwetu soda ni askari. Kinywaji tunakiita sucré. Msicheke.)

Mimi Saïo niliyoijua ni Camp Saïo, kambi ya jeshi ya hapa Bukavu. Kwa hiyo utotoni niliamini vita vya dunia vilipiganwa njiani kwenda shule, Waitaliano wamejibanza nyuma ya ule ukuta. Nilikuwa darasa la sita mwalimu aliponisahihisha mbele ya wenzangu: Saïo yenyewe iko Ethiopia, siku hizi inaitwa Dembi Dolo, na kambi yetu ilipewa jina la ushindi wa jeshi la Kongo kule. Nilirudi nyumbani kifua mbele. Babu niliyedhani amepigana mtaani kwetu, kumbe alivuka hadi Nile!

Mwezi jana shangazi amehama nyumba, na chini ya kitanda chake limetoka sanduku la bati. Ndani mna kijiko cha jeshi kilicholika upande mmoja, kadi ya ubatizo, na buku ya babu, kile kijitabu cha utambulisho cha wakati wa Wabelgiji. Unyevu umeila. Kurasa zimegandana, na ukizitenganisha maandishi yanabaki upande usiofaa, yamegeuka kama kwenye kioo. Nimezisoma kwa kioo kweli, kile cha kunyolea ndevu.

Nilichopata: kuandikishwa 1943, kambi ya mafunzo ya Lokandu. Kutoka 1944. Jumla miezi kumi na minne. Halafu neno moja la Kifaransa kwa wino mwekundu: "réformé".

Saïo ilianguka tarehe 3 Julai 1941.

Hesabu hiyo hata mimi niliyekuwa natoroka hesabu naiweza.

Majina ya nyumbani siyaweki hapa. Nina maswali mawili. Kwanza, kijana wa Nyangezi, kijijini kwao babu, alifikaje Lokandu mwaka ule, na miezi kumi na minne ni jeshi la namna gani? La pili ndilo linalonikosesha usingizi: buku inamtaja baba yake kwa jina moja, kadi ya ubatizo kwa jina lingine kabisa. Sisemi karani alikosea herufi. Hao ni watu wawili.

Kindu_Port

Lokandu naijua, iko kando ya Lualaba, ukishuka na mto kutoka Kindu. Force Publique, jeshi la Kongo la wakati wa Wabelgiji, walikuwa na kambi ya kufundishia makuruti pale. Mkataba wa soda ulikuwa miaka saba. Saba, papa! Kwa hiyo babu yako hakumaliza, alitolewa. Na "réformé" ni neno la daktari: mwili umekataa kazi. Angefukuzwa kwa makosa wangeandika vingine.

Niulize kitu kimoja. Alijua Kilingala?

MwanaKadutu

@Kindu_Port umenishtua. Nimempigia shangazi sasa hivi. Anasema babu alikuwa Mushi wa Nyangezi asiyetoka kwake, Mashi na Kiswahili basi, lakini mbegu za maharagwe alizihesabu kwa Kilingala. Moko, mibale, misato, hadi kumi. Akifika kumi anaweka jiwe pembeni na kuanza upya, kwa kuwa zaidi ya kumi hakujua. Watoto walidhani ni dawa ya shamba.

Kindu_Port

Ndiyo hiyo. Kilingala kilikuwa lugha ya jeshi, uwe Mushi, Mulega au Muluba. Amri za gwaride kwa Kifaransa, matusi kwa Kilingala. Miezi kumi na minne inatosha kufika kumi 😄

Bagira_Boy

Sasa kaka umepata nini? Ukoo ulikuwa na shujaa, leo una mgonjwa aliyerudishwa. Mimi ningefunga sanduku.

Mama_Nguba

Wee Bagira_Boy wacha mutoto aulize. Koko yangu naye alikuwaka soda, yeye alitokeaka Mwenga. Alikuwa anasemaka hivi: batu ba chefu bakuyaka usiku, juu muchana vijana banakimbilia mu pori. Banakufunga kamba, asubuyi uko ku territoire, ku biro ya serikali, munganga anakuangaliya meno na kifua, njo unakuwa soda. Hakuna mwenye aliulizaka kama unapenda. Na batoto ba chefu, hata moya hakuendaka. Uniambiye kama nadanganya.

MwanaKadutu

Aksanti mama. Hiyo ya watoto wa chefu kutokwenda naiweka akilini.

Mzee_wa_Likasi

Nimesoma 1944 nikasimama. Tarehe 20 Februari 1944 masoda wa Luluabourg, Kananga ya leo, waliasi. Ilianza na chanjo: uvumi ulipita kambini kwamba sindano ni ya kuwaua, wakavunja ghala la silaha, mji ukaporwa. Vuguvugu likafika Kamina na huku kwetu, wakati huo Likasi ikiitwa Jadotville. Baada ya pale jeshi lilikuwa na hofu na watu wake wenyewe. Huenda babu yako alichujwa wakati ule?

Lakini niseme ukweli mwingine, usinichukie. Kwetu Katanga soda wa vita hana sifa mezani. Nkambo wangu, yaani babu, alikuwa mfanyakazi wa migodi, na Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakitaka nyongeza, bei zimepanda kwa sababu ya vita na mshahara uko pale pale. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Masoda wakapiga risasi. Waliokufa ni makumi. Miezi mitano tu baada ya Saïo, jeshi lile lile. Hadi anakufa nkambo alikuwa akiona kofia nyekundu ya Force Publique kwenye picha anageuza uso.

MwanaKadutu

@Mzee_wa_Likasi sikuchukii hata kidogo. Hiyo ya Desemba 1941 shuleni hatukuambiwa, au nilikuwa nimelala. Babu aliingia baadaye, lakini hilo si la kujisifu nalo. Ni la tarehe tu.

Kuhusu uasi, sidhani. Luluabourg ni mbali na Lokandu, na wino mwekundu unasema ugonjwa.

Unyanyembe

Mimi ni wa Tabora, nimecheka hiyo soda. Wazee wetu nao walisimulia askari wa Kongo walivyouteka mji Septemba 1916, Wajerumani wakatoka. Je, si vita hivyo?

MwanaKadutu

Hapana ndugu, hivyo ni vya kwanza. Babu alikuwa hajazaliwa, labda baba yake. Nani baba yake, sasa hapo ndipo tulipo.

Karatasi_Tu

Naingia kwa sababu naona watu wanataka kumvua babu nguo kwa kuwa Saïo hakufika. Tuweke mambo sawa.

Ubelgiji ilisalimu amri kwa Wajerumani tarehe 28 Mei 1940. Gavana mkuu Ryckmans akaiweka Kongo upande wa Waingereza. Mwaka 1941 masoda walipelekwa Sudan, kwa malori hadi Juba, kisha kwa meli juu ya Nile, wakaingia Ethiopia iliyokuwa mikononi mwa Waitaliano. Asosa ilichukuliwa tarehe 11 Machi, Gambela mwezi ule ule, kisha wakakwama chini ya mlima wa Saïo miezi mitatu. Chakula hakikufika. Mto uliotegemewa kwa meli ulikuwa na maji kidogo hadi mvua zilipokolea, na watu wakavimba miguu kwa beriberi na kuhara damu wakiwa kwenye mahandaki. Walioanguka kwa ugonjwa hawakuanguka kwa uvivu. Julai, Jenerali Gazzera wa Italia akajisalimisha kwa Gilliaert, jenerali wa Force Publique, pamoja naye majenerali, wote tisa. Nenda Kinshasa utakuta barabara zinaitwa Saïo, Asosa, Gambela. Watu wananunua samaki soko la Gambela bila kujua wanatamka jina la vita.

Baada ya hapo vita viliendelea. Kikosi kilipelekwa Nigeria, baadaye Misri na Palestina. Hospitali moja ya Wakongo ilifika Burma. Makuruti waliendelea kuhitajika 1942, 1943, 1944. Babu yako ni wa kundi hilo, la kujaza nafasi, ambalo hakuna barabara iliyopewa jina lake.

Nyumbani nako mambo yalikuwa mazito. Siku za kazi za lazima kwa mwaka zilikuwa 60; mwaka 1942 zikapandishwa hadi 120. Kivu ilitakiwa itoe kinini, pareto, bati na dhahabu. Kijijini ilikuwa kuchagua jembe la leta (serikali) au bunduki ya leta, na mchaguzi si wewe.

Kwa jina la baba: fuata ubatizo, usifuate buku. Karani wa territoire aliandika alichoambiwa na mtu aliyesimama mbele yake. Padri aliandika mama mzazi, baba mzazi, msimamizi, na pembeni akaongeza ndoa na kifo. Mapadri Weupe walifika Nyangezi 1906. Nenda kaombe kwa adabu kuona kitabu, usiende na kamera mkononi.

Bagira_Boy

Sawa, nimefundishwa. Lakini baba mkubwa unamwambiaje?

MwanaKadutu

Hapo ndipo penye jipu. Baba mkubwa ana faili.

Juni 2022, mfalme Philippe alipokuja Kinshasa na kumvisha nishani mzee Albert Kunyuku, aliyefika Burma na kutimiza miaka mia, baba mkubwa aliangalia televisheni amesimama. Kesho yake akaanza kutafuta "haki za babu". Akapata mtu, mtu akapata ofisi, ofisi ikataka picha nne, nakala, na pesa ya kufungulia faili. Kisha pesa ya kusukuma faili. Miaka inapita na faili haijafika popote, ila mtu wake ameshahamia nyumba nzuri. Mtu na ofisi siwataji, wala sina uhakika kama ofisi yenyewe ipo. Kwenye faili hiyo imeandikwa "mpiganaji wa Saïo, 1941". Sasa buku imetoka, na mwenye kumwangusha ni mimi.

Mama_Nguba

Usimuambiye ku telefone. Enda na kitu ku mukono.

MwanaKadutu

Nimerudi, siku tisa baadaye.

Jumamosi nilikwenda Nyangezi. Njia ni ile ya Kamanyola, mvua ilikuwa imenyesha na motard wa pikipiki alinivusha madimbwi mawili akiniambia ninyanyue miguu. Katibu wa parokia aliniuliza mwaka, nikasema takriban, akasema takriban si mwaka. Tukaanza na kitabu kimoja. Cha pili ndicho.

Mwandiko wa padri ni mdogo, umeinama kulia, wino umekuwa rangi ya chai. Jina la babu la ubatizo, sawa na kadi. Mama, sawa na kadi. Baba, sawa na kadi, na mbele ya jina lake msalaba mdogo. Katibu akasema: "Huo maana yake alikuwa ameshakufa mtoto akibatizwa." Babu alibatizwa akiwa na miaka kama kumi. Kwa hiyo aliingia ukristo akiwa tayari yatima wa baba.

Jina lililo kwenye buku halipo mahali pale. Nikamwomba katibu atafute kijiji kile kile. Yupo, kurasa nane mbele, kama baba wa watoto wake mwenyewe. Vijana wawili, mmoja umri sawa na babu. Na baba yake huyu mtu ni yule yule baba wa marehemu.

Ni ndugu yake. Baba mdogo wa babu.

Nilikaa kwenye ngazi za kanisa kitambo.

Karatasi_Tu

Hiyo inaeleweka hata bila kitabu. Mume akifa, ndugu yake anachukua mji, mke na watoto wakiwemo. Chefu akija kutafuta vijana, mwenye mji anatoa "mtoto wake". Karani anaandika.

Mzee_wa_Likasi

Na kati ya vijana watatu mjini mwake akamtoa yule wa marehemu.

Samahani kwa kusema hivyo. Lakini kwetu tumeona mingi ya namna hiyo. Jeshini walijaa watoto wasio na mtu wa kusema "huyu hapana".

MwanaKadutu

Umesema nilichokuwa nakwepa kuandika, mzee.

Sasa tatizo. Jina la huyo baba mdogo, aliyemtoa babu, ndilo jina la baba mkubwa wangu. Babu alimpa mzaliwa wake wa kwanza jina la mtu aliyemuuza. Nani anafanya hivyo?

Bagira_Boy

Hapo hata mimi mzaha umeniishia.

Kindu_Port

Muulize shangazi. Wanawake wanabaki na ile sehemu ambayo wanaume hawaisimulii mezani.

MwanaKadutu

Shangazi nimekaa naye jana, nimeleta sukari na sabuni kama Mama_Nguba alivyonishauri niende na kitu mkononi. Baba mkubwa naye alikuwepo, sikupanga, alikuja kuangalia bomba. Kwa hiyo ilibidi yote yasemwe kwa pamoja.

Buku niliiweka mezani. Baba mkubwa aliitazama, akavaa miwani, akaivua. Akauliza: "Basi Saïo?" Shangazi akajibu kabla yangu. Akasema babu mwenyewe hakusema hata siku moja kwamba alipigana Saïo. Alisema "nililala Saïo". Aliporudi kutoka Lokandu, 1944, akiharisha damu, lori lilimshusha kwenye kambi ya Bukavu, mji wakati huo ukiitwa Costermansville, na akalazwa kambini hapo wiki tatu akisubiri mtu wa kwao. Miaka ya baadaye alipokuwa akisimulia, kambi kila mtu alikuwa akiiita Saïo, naye akaiita hivyo. Nyinyi wanaume, anasema shangazi, mlisikia neno moja mkaongeza bunduki.

Baba mkubwa kimya.

Nikauliza nani alikuja kumchukua. Akasema: yule. Baba mdogo. Alitembea kutoka Nyangezi na machela na vijana wanne, mmoja wao ni mwanawe, yule wa umri sawa, ambaye alipaswa kwenda badala yake. Babu alikuwa mifupa na ngozi, kijiko kimefungwa kiunoni kwa kamba kwa sababu kambini vilikuwa vinaibwa. Ndicho kile cha kwenye sanduku. Kililika upande mmoja kwa kukwangua chungu miaka thelathini. Hakikulika Lokandu, kama nilivyokuwa nimeanza kukiwazia.

Njiani hawakusemezana. Walipofika, yule mzee alikwenda zizini. Alikuwa na ng'ombe watatu. Akatoa mmoja, jike, pembe moja imevunjika, akamfunga mbele ya nyumba ya mjane, yaani mama yake babu, akaenda zake. Maziwa yake ndiyo babu alinywa hadi akasimama. Ndama wake wawili ndio waliotolewa mahari ya bibi yetu.

Nikasema basi alilipa. Shangazi akanitazama kama mtu aliyeleta hesabu kanisani. Akasema sijui kama alilipa, mimi nakueleza ng'ombe alikotoka.

Baba mkubwa alikaa muda mrefu. Nilidhani atauliza habari za faili. Akauliza: "Pembe ipi?"

Shangazi akasema ya kushoto.

Mama_Nguba

😢 Na faili?

MwanaKadutu

Leo asubuhi amenituma nikamrudishie picha zake nne. Pesa hazirudi, hilo tunalijua. Buku ameiomba akae nayo wiki moja. Nimempa na kioo cha kunyolea.